Wiki Niliyokuwa Wewe

Milwaukee, 14 Septemba 1971

Ezell ndugu yangu,

Pokea salamu, na kama huzitaki zirudishe kwa posta hiyo hiyo. Mwili wangu mzima. Roho ndiyo inachechemea.

Nimebaki kwenye timu, lakini sikubaki. Ilikuwa hivi. Siku ya mwisho ya kuchuja watu, yule bwana anayepita vyumbani asubuhi kugonga mlango na kumwambia mtu achukue kitabu chake cha mipango akamwone kocha, aligonga kwangu. Nikajua basi, safari imekwisha. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia baba kule Alabama, maana ameshatangazia kanisa zima kwamba mwanawe ni mchezaji wa kulipwa wa futiboli ya Kimarekani. Kumbe kocha hakunifukuza, amenitia kwenye kikosi cha mazoezi. Jumatatu mpaka Jumamosi ni mchezaji kama wengine. Jumapili wenzangu wakivaa jezi, mimi nakaa jukwaani na koti langu kama mtu aliyekuja kuuza karanga.

Kazi yenyewe sasa. Kila wiki, mimi ni mtu wa timu inayokuja kucheza nasi. Naketishwa mbele ya filamu, mwendesha filamu ananiambia, "Pettway, wiki hii wewe ni huyu hapa." Navishwa kizibao cha njano chenye namba yake. Nasimama kama yeye, nasukuma kama yeye, nakosea kama yeye, ili watu wetu wamzoee kabla hajafika. Wiki iliyopita nilikuwa mzee mmoja wa Omaha mwenye goti bovu. Nimemwigiza hadi goti langu limeanza kuniuma.

Nimepanga chumba kwa Bi Hoelzer, mjane wa Kijerumani. Majirani zake wote walihama watu weusi walipoanza kuingia mtaani. Yeye akasema ana viazi vyake bustanini na haendi popote. Tunakula soseji na kabichi chungu bila kuzungumza. Si kwamba tumegombana, ni kwamba hatuna la kusema.

Niandikie. Simu najua unaichukia, basi andika.

Ndugu yako,
Alonza

*

Louisville, 23 Septemba 1971

We Pettway, muuza karanga wangu,

Acha kulia. Watu elfu ngapi wanaitamani hata hiyo njano yako? Mzee wa Omaha leo, kesho watakuita kwa jina lako na utasahau kama uliwahi kuniandikia upuuzi huu.

Mimi naanza kwenye kikosi cha kwanza. Soma tena, usidhani umekosea. Bwana aliyekuwa na nafasi yangu amevunjika kifundo cha mguu, na Jumapili nilisimama mimi. Mahali ni pale pale pa chuoni, ukingoni kushoto, kuulinda mgongo wa mrushaji wetu wa mpira. Sikio zuri linamwelekea yeye na namba anazoita kabla mpira haujatoka. Lile bovu linaelekea nje, huko nisikohitaji kusikia kitu.

Isipokuwa Stickley. Huyu ndiye jirani yangu wa kushoto, pale ulipokuwa ukisimama wewe. Unakumbuka sisi? Ulikuwa unanigusa kiunoni, kidole kimoja nimchukue mpinzani wa ndani, viwili nimchukue wa nje, na miaka minne kocha wetu akadhani tunasomana mawazo. Stickley hamgusi mtu. Anasema kwa mdomo, tena mdomo wenyewe umefunikwa na masharubu kama ufagio wa kufagilia ghala. Nikitupia jicho kusoma midomo naona nywele tu. Inabidi nigeuze shingo yote nimtazame usoni, halafu nirudi mbele upesi kabla mpira haujatoka. Mpaka leo hajashtuka mtu.

Daktari wa hapa alinipima masikio kwa saa ya mkononi, kama yule wa chuoni. Safari hii hukuwapo nyuma yake kujikuna pua kila inapofika sikioni. Nikagundua kumbe akiileta saa hushika pumzi, nikawa natazama kifua chake. "Naisikia, daktari. Saa nzuri sana hiyo." Mama anasema Mungu atanisamehe kwa sababu homa iliyoliua sikio hili utotoni sikuiomba.

Usicheke sana. Wakijua, sina siku mbili hapa. Nitarudi Georgia kwenye mashine za mbao, na mimi kitu kimoja tu duniani ninachokijua vizuri ndicho hiki.

Ndugu yako mwenye nafasi yake,
Ezell

*

Milwaukee, 12 Oktoba 1971

Ezell,

Hongera, bwana. Nilikusoma gazetini. Wameandika "Tarver alisimama imara," maneno matatu tu, nikayakata nikayabandika juu ya kitanda. Bi Hoelzer akauliza huyo ni nani. Nikamwambia ni ndugu yangu. Akaniambia hatufanani.

Nimeshakuwa watu watano sasa. Baada ya yule wa Omaha nikawa wa Tulsa, halafu wa Memphis mwenye kuburuta mguu, halafu wawili wengine sitaki hata kuwataja. Ajabu ni kwamba kazi nimeiweza. Kocha Haggerty wa ulinzi anasema hajawahi kupata mtu wa njano anayeiga kama mimi. Lakini hajui jina langu. Ananiita kwa mji wa wiki hiyo. "We Tulsa, sogea kushoto." "Memphis, umelala?" Wenzangu nao hivyo hivyo. Tunaoga pamoja na nikishavaa nguo zangu hawanitambui.

Juzi nilikuwa dukani kwa kinyozi, akaniuliza, "Wewe si mchezaji?" Nikamwambia ndiyo. "Namba ngapi?" Nikakwama. Nilitaka kumwambia inategemea ni wiki gani. Nikasema nimefananishwa tu, nikalipa nikatoka.

Jumapili ndiyo mbaya kuliko siku zote. Wiki nzima nimekuwa mtu fulani, halafu mtu huyo anashuka kwenye basi, mkubwa, mzima, ana watu wanaomwita. Mimi nipo jukwaani kwenye baridi namtazama akinifanya vizuri zaidi ya nilivyomfanya. Nikirudi nyumbani sina hata wa kuigiza.

Nimetazama ratiba. Umeiona? Mnakuja hapa tarehe 21 Novemba. Yaani wiki hiyo nitakuwa wewe.

Alonza

*

Louisville, 27 Oktoba 1971

Pettway!

Nimecheka hadi Stickley akauliza kuna nini, na mimi nilimsikia kwa sababu alikuwa upande mzuri.

Yaani utakuwa mimi! Na uwe haswa, usinifanyie mchezo. Sitaki wale watu wenu wadhani wanakuja kucheza na mtoto. Unicheze vizuri. Makalio yawe juu kama ninavyokaa, na ule wimbo wangu wa puani uuimbe, na uteme mate. Huyo Brandvold wenu wa kumkimbilia mrushaji nimemwona kwenye filamu, mkubwa kama jokofu. Mwoneshe. Nataka Jumapili akinitazama tu aanze kuumwa tumbo.

Hapa mambo ni mazuri, sina la kulalamika, ila upweke upo hata kwangu, usidhani. Nikikaa na wenzangu chakulani natafuta kiti cha mwisho kushoto ili wote wawe upande wa kulia. Nikichelewa nikakuta kimechukuliwa nasema sina njaa. Wananiona najivuna. Wameanza kuniita Bwana Askofu. Wewe tu ndiye ninayeweza kukaa naye popote mezani.

Kwa hiyo mchezo ukiisha unipeleke kwa huyo Mjerumani wako, tule hicho kichungu chake. Basi letu litangoja nusu saa, na mimi nitaomba ruhusa nirudi kwa treni kesho yake. Nimeshaanza kutafuta uongo mzuri wa kumwambia kocha.

Ezell

*

Milwaukee, 17 Novemba 1971

Ezell ndugu yangu,

Nakuandikia Jumatano hii mwili ungali wa moto kutoka mazoezini. Sijui kama itakufikia kabla hamjaondoka, lakini nisipokuandikia nitapasuka.

Wiki hii sijawa peke yangu. Nimevaa namba 74. Nimesimama unavyosimama, mguu wa kulia nyuma, makalio juu. Nikaimba puani, nikatema mate, nikawakunjia uso. Watu wakaanza kuuliza, "Huyu Tarver ana vituko hivi kweli?" Nikawaambia ngojeni Jumapili. Na Brandvold, ndugu yangu, nimemzuia! Mara ya kwanza akadhani ameteleza. Mara ya tatu akaanza kutukana kwa Kinorwe. Sikuwa najua ni mimi au ni wewe. Nilikuwa nasikia kama uko ndani ya kizibao kile, tunacheka pamoja.

Halafu Kocha Haggerty akapiga filimbi. "Simama hapo. Mbona unageuza shingo?"

Naapa sikujua nimeigeuza. Kushoto kwangu alikuwepo kijana anayeigiza Stickley, na mimi nilishazama, nikawa namtazama usoni kila mara kabla mpira haujatoka. Nikajibu, "Tarver hufanya hivyo, kocha."

"Kwa nini?"

"Mshamba tu, kocha. Anatafuta wasichana jukwaani."

Wakaangua kicheko, na yeye akacheka. Sikio sikulitaja, Ezell. Nisingelitaja hata wangenichoma moto. Akasema, "Rudia." Nikarudia. "Tena." Nikarudia tena. Akamwita Brandvold pembeni wakasemezana. Aliporudi akanipiga bega, akasema, "Kazi nzuri sana, Alonza."

Aliniita Alonza. Niko hapa tangu Julai, na hii ndiyo mara ya kwanza.

Labda Jumapili usigeuze sana. Au mwambie Stickley anyoe, bwana, anatutia aibu.

Bi Hoelzer ameagiza bata. Nilipomwambia ndugu yangu anakuja alitoa sahani ambazo sijawahi kuziona. Nitakuwa pale geti la wachezaji, koti la kahawia.

Alonza

*

Milwaukee, 22 Novemba 1971

Ezell,

Nilikungoja getini.

Uliona theluji ilivyokuwa, na watu walivyosongamana. Ulitoka karibu na mwisho, begi begani, umeinamisha kichwa. Nikakuita. Ukapita karibu nami kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningekushika. Nikakuita tena, na tena, mpaka ukapanda basi.

Baadaye ndipo nikakumbuka kwamba nilisimama kushoto kwako. Miaka minne nimekaa na wewe, halafu jana nikasahau pa kusimama. Basi nakuuliza, nijue: hukunisikia?

Pole kwa mchezo. Pole kwa mrushaji wenu. Hapa wanasema ni mfupa wa bega, na kwamba atapona. Brandvold alikuwa na bahati tu jana, kila mtu anajua. Wewe ni yule yule. Wiki ijayo mnacheza nyumbani, utasimama vizuri.

Bi Hoelzer ameweka bata kwenye friji. Kila nikipita jikoni ananiuliza kama treni yako imechelewa.

Tafadhali nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Alonza

*

Louisville, 27 Novemba 1971

Alonza,

Barua yako ya Jumatano niliikuta mlangoni tuliporudi. Niliifungua Jumatatu jioni. Kabla ya hapo nilikuwa najiuliza Brandvold amekuwa mchawi lini.

Maana alinijulia. Kila nilipogeuza uso kwa Stickley, yule mtu alikuwa ameshaondoka. Sikumwona akianza hata mara moja. Nilikuwa narudisha macho mbele nakuta hewa, halafu nasikia kelele za watu wenu na najua mrushaji wetu yuko chini. Mara ya nne hakuinuka. Alibebwa akiwa ameng'ata kola ya jezi asipige kelele. Ana umri wa miaka ishirini na tatu, na ndiye aliyekuwa akinisubiri chakulani wengine wakiniita Askofu.

Jumanne tulitazama filamu. Kocha wetu akaisimamisha, akairudisha, akaisimamisha. "Tarver, unatazama nini huko?" Sikuwa na mtu wa kunisemea kwamba natafuta wasichana. Wakaleta daktari mwingine mwenye chombo cha kuvaa masikioni na mlango wa kufunga. Nimepigwa kalamu Jumatano. Nimeambiwa nimehatarisha maisha ya mwenzangu, na sikuweza kubisha, kwa sababu ni kweli.

Sasa nisikilize. Ule mgeuzo wa shingo hukuuona chuoni, maana chuoni sikuwa nageuza. Hukuuona kwenye filamu, maana wenzako waliitazama filamu hiyo hiyo na hawakuuona. Uliusoma kwenye barua yangu. Nilikuandikia wewe tu, hata mama sijamwambia habari za Stickley. Ukaichukua barua yangu ukaivaa mazoezini mbele ya kocha.

Unasema sikio hukulitaja. Brandvold alikuwa na haja gani na sikio? Ilimtosha shingo: ikigeuka, mpira unatoka.

Na kama uliona mambo yamekwenda kombo hata ukaniandikia nisigeuze sana, mbona simu hukupiga? Mimi naichukia simu, siyo kwamba siwezi kuishika. Tulilala hotelini mjini kwenu Jumamosi.

Gazeti la kwenu linasema baada ya mchezo Kocha Haggerty alitoa mpira wa ushindi, ule ambao hupewa mchezaji aliyefanya vizuri kuliko wote, akampa mtu ambaye hakuvaa hata jezi. Limeandika jina lako vizuri, herufi zote. Kwenye barua yako ya Jumatatu sikuuona huo mpira.

Nilikuomba unicheze vizuri. Ulinicheza vizuri.

Ezell Tarver

*

Milwaukee, 13 Desemba 1971

Ezell,

Sijui niitumie wapi barua hii. Naituma kwa mama yako Waycross, yeye atajua ulipo.

Kila ulichosema ni kweli na sina cha kupunguza. Mpira nilipewa. Haggerty aliurusha juu ya vichwa vya watu wote, akasema, "Huu wa Alonza, yeye ndiye aliyetupa Tarver," na chumba kizima kikapiga makofi, Brandvold akanikumbatia nikiwa na koti langu. Nitakwambia jambo baya kuliko mpira. Kwa muda kidogo nilifurahi. Walikuwa wanalitaja jina langu, na mimi nilikuwa nacheka, halafu nikaelewa wananipigia makofi kwa ajili ya nini. Ndipo nikakimbilia getini.

Umeuliza kuhusu simu. Iko ukutani, jikoni kwa Bi Hoelzer, karibu na meza ninayoandikia. Jumamosi niliitazama wakati wa kifungua kinywa na wakati wa chakula cha mchana. Nilijitia hamnazo. Ningekupigia, ningekuwa nimekubali kwamba kuna kitu nimefanya, na nilitaka ile wiki iishe nikiwa bado nina raha. Sikuwa nimeipata raha tangu nifike hapa. Nilipoandika ule utani wa Stickley anyoe, nilijua. Si kujua kwa kusema, lakini nilijua.

Sikukuuza, Ezell. Najua kwako haina tofauti. Hakuna aliyeninunua. Nilikuwa nimekukumbuka tu, na nilipopewa ruhusa ya kuwa wewe sikutaka kubakiza kitu.

Linalofuata nalo unastahili kulisikia kwangu, si kwenye gazeti. Wamenitoa kwenye njano. Mmoja wa walinzi wetu ameumia, Haggerty akasema nafasi yake nipewe mimi. Jana nilicheza. Namba 67. Nilisimama kwa miguu yangu mwenyewe mbele ya watu elfu arobaini na kitu, na nadhani sikuharibu. Mchezo ulipokwisha wenzangu walitoka wakakuta wake zao, mama zao, watoto. Mtu wa redio akaniuliza leo nani amekuja kunitazama. Nikasema hakuna. Akadhani ni mzaha, akacheka.

Baba alipiga simu kutoka Alabama. Alilia kwa furaha. Akasema, "Na Ezell je, amesemaje?" Nikamwambia Ezell amefurahi sana. Hilo nalo nimekusemea bila ruhusa.

Nikipata nafasi Februari, msimu ukiisha, naweza kuja huko? Sitaomba kulala. Nataka tu unitukane ana kwa ana.

Alonza

*

Waycross, Georgia, 8 Januari 1972

Alonza,

Nimezichana barua mbili kabla ya hii. Mama ndiye aliyekaa hapa na kusema hii haichanwi.

Nipo kwenye mashine za mbao, zamu ya asubuhi. Kelele yake hata wenye masikio mawili hawasikii, kwa hiyo wote tunazungumza kwa mikono, na mimi ndiye hodari kuliko wote. Nimewaambia watu wote sasa. Kazini, kanisani, dukani. Nasema huku hakusikii, njoo huku. Wanahama upande, wanaendelea na mazungumzo. Kumbe ndiyo basi. Tangu nikiwa na miaka saba naficha kitu ambacho watu wanahama tu upande.

Usidhani nakushukuru. Ningeweza kurudi kesho nikafiche tena na nafasi yangu nirudishiwe, ningekimbia kwa miguu mpaka Louisville. Kila Jumapili nalala mchana kutwa ili nisijue saa. Mrushaji wetu ameniandikia, bega linaunga. Hajui habari zako na sijamwambia.

Uliniuliza jambo moja na sikukujibu. Uliuliza kama nilikusikia pale getini.

Nilikusikia. Si mara ya kwanza, ila ya pili na ya tatu nilikusikia vizuri. Unayo sauti kubwa ukiwa na wasiwasi. Na ujue siku ile sikuwa na hasira na wewe hata kidogo, maana barua yako nilikuwa sijaisoma. Niliona aibu tu. Nilikuwa nimepigwa mchana kutwa mbele ya mtu mmoja katika uwanja mzima ambaye maoni yake nilikuwa nayajali, na nikasema siwezi kumtazama usoni leo, nitamwandikia. Nikatumia sikio langu bovu kama nilivyolitumia kwa watu wengine wote, nikapita.

Nimelifikiria sana hilo. Ningegeuka, tungekwenda kwa yule mama wa Kijerumani. Ungeniambia kwa mdomo wako mezani, nakujua, usingeweza kumeza kitu bila kuniambia. Ningekupiga ngumi moja mbele ya bata, ungelia, na mimi ningelia, tungekula. Ingeishia pale. Mengine yote yangenifika vile vile, filamu, daktari, kalamu, lakini yangenikuta nina ndugu.

Kwa hiyo mimi nawe kila mmoja alikuwa na nafasi yake ya kusema neno moja, na hatukusema.

Februari usije. Sijui kama ni mwaka huu au mwakani, sijui. Nitakapoweza nitakuandikia mimi. Wewe usiandike.

Mama anakusalimu. Mimi bado.

Ezell